Mgeni wa Siku ya Tatu

Hata duka lake mwenyewe alilipigia hodi. Kila asubuhi kaka yake alikuwa akifungua makufuli, anausukuma mlango wa bati juu mpaka unakwama, kisha anaingia kuwasha taa. Yeye anabaki kizingitini, mkoba begani, na kuyaambia mabaibui yaliyoning'inia, "Hodi." Anangoja kidogo, ndipo anaingia. Kaka yake alikuwa ameshachoka kumwuliza. Mimi siwezi kuona jambo nisiulize.

"Unampigia nani hodi, Shangazi? Humo hamna mtu."

"Ndiyo maana napiga polepole," alinijibu.

Kwenye milango ya watu, hodi zake zilikuwa na sheria. Ni tatu, na baina ya moja na nyingine unanyamaza. Asipoitikiwa mara ya tatu, anageuka anaondoka, hata kama mlango uko wazi na redio inaimba ndani. Siku moja alipeleka kanzu ya bwana harusi nyumba ya tatu kutoka dukani, akapiga hodi zake, akarudi nayo. Mama wa bwana harusi alikuwa bafuni. Baada ya nusu saa wakaja mbio watu wawili, mmoja wao hana viatu, sheikh ameshakaa na mkwe anauliza kulikoni. Shangazi alikuwa anaikunja kanzu upya. "Sikuitikiwa," aliwaambia, na hakuomba radhi.

Tulimwita Shangazi, ingawa pale mtaani hakuwa shangazi wa mtu isipokuwa watoto wa kaka yake, ambao walikuwa wamekwisha kuhama. Duka lilikuwa mtaa wa Mchafukoge, jirani na Kariakoo, chini ya jengo la ghorofa ambamo yeye na kaka yake walikaa juu. Waliuza mabaibui, kanzu na mitandio, na kulikuwa na kabati moja la udi na marashi ambalo ufunguo wake alikuwa nao yeye tu. Mimi nilikuwa winga. Kwa asiyeijua Kariakoo, winga ni yule anayekudaka barabarani, "Karibu mama, karibu bosi, unatafuta nini?", halafu anakupeleka kwenye duka lisilo lake na kulisifia kana kwamba amelirithi. Shule niliiacha kidato cha pili. Kazi nazo nimeziacha nyingi. Nimeuza spea za magari mtaa wa Gerezani, nimekaanga chipsi Buguruni, nimetembeza mikanda. Lakini kwenye duka lile nilirudi kila mara, kwa sababu Shangazi alikuwa mtu wa kwanza niliyemjua aliyekwenda nchi ya mbali bila kutafuta kazi, wala matibabu, wala kuhiji. Alikwenda kujifunza Kihispania.

Wanawake wa rika lake walikuwa wanalea wajukuu. Mtoto wa kaka yake ndiye aliyemwonyesha kwenye simu, kwa utani, tangazo la chuo kimoja ambacho mwanafunzi wake hapangi hoteli. Anakaa nyumbani kwa familia ya huko, anakula wanachokula, asubuhi anaenda darasani, jioni anarudi kama mtoto wa nyumba. Miezi mitatu, mji mdogo wa vilima kusini mwa Hispania. Kijana alicheka akaendelea na simu yake. Shangazi akamwambia, "Rudisha hapo." Bangili zake za dhahabu hazikuonekana tena mkononi, na kaka yake alinuna tangu mwezi wa Rajabu mpaka siku ya safari.

Kwa nini Kihispania? Nilikusanya majibu yake kama mtu anavyookota vifungo, na hakuna viwili vilivyofanana. Kaka yake aliambiwa ni biashara. Mke wa jirani aliambiwa kwamba Waislamu waliwahi kuijenga nchi ile, na misikiti yao mpaka leo watu wanalipa kiingilio kuiona. Mteja mmoja mbea aliyemchimba sana aliambiwa, "Nilipewa na daktari, kutwa mara tatu." Mimi nilingoja miaka mingi kupata langu. Ilikuwa mchana wa mvua, wateja hakuna, anapanga mitandio kwa rangi.

"Kiarabu nimekikuta kwa baba," alisema. "Kiswahili nimekikuta hapo nje. Kigujarati nimekikuta kwa majirani wa juu, na Kiingereza kwa masista wa shule, kabla sijatolewa shule nije kukaa hapa. Zote hizo nimegombezwa nazo. Nilitaka lugha moja ambayo hakuna aliyewahi kunigombeza nayo."

"Ukaipata?"

"Niliipata kwa siku mbili. Ya tatu nikagombezwa."

Hadithi ya siku ya tatu aliisimulia mara nyingi, na kila mara alijisimanga zaidi. Familia aliyopewa ilikuwa ya mtu mmoja, mjane mwenye nyumba nyembamba yenye ngazi nyingi. Siku zote Shangazi alimwita mwenyeji wangu, hakuwahi kumtaja kwa namna nyingine. Siku ya kwanza mwenyeji alimkalisha, akampa chakula, akamwondolea sahani. Siku ya pili vilevile.

"Sasa mwanangu, sisi tumefundishwaje? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikangoja jembe. Halikuja. Nikasema, labda anaona haya kunipa, watu wa heshima hawa. Wacha nilitafute mwenyewe."

Akalitafuta. Baada ya kusali alfajiri akafunga kanga kiunoni, akasugua jiko lote, akavuta friji akafagia nyuma yake, akaosha ngazi kutoka juu mpaka barabarani, akashusha mapazia akayaloweka. Mwenyeji alipoamka alisimama mlangoni na gauni la kulalia, uso mwekundu, akasema maneno mengi.

"Sikuelewa hata moja. Lakini kugombezwa hakuhitaji kamusi."

Ikabidi mwalimu wa chuo aitwe, kijana aliyejua Kiingereza, akae katikati yao. Mwenyeji aliuliza nyumba yake ilikuwa na uchafu gani. Shangazi akaeleza kwamba kwao mgeni asiyeshika kazi siku ya tatu ni kama mtu asiye na kwao. Mwenyeji akajibu kwamba kwao mgeni akishika ufagio anamwambia mwenye nyumba, mbele ya majirani wanaoziona ngazi zikitiririka maji, kuwa yeye ni mchafu. Kijana akatafsiri yote mawili na akapendekeza Shangazi ahamishiwe nyumba nyingine. Shangazi akakataa.

"Kwa nini?" niliuliza. "Si ungeenda tu?"

"Niende vipi, nami sijajua nilitukanwa nini? Nilitaka kwanza nijifunze, nielewe, ndipo nikasirike."

Basi akakaa. Siku kadhaa alikaa mezani kama picha, mikono mapajani, anahudumiwa na mwanamke aliyemzidi umri, na hakuna adhabu aliyowahi kupata ikauma kuliko hiyo. Halafu jioni moja mwenyeji alikuwa anamenya viazi. Bila kumtazama, akasukuma upande wake wa meza kiazi kimoja na kisu.

"Hapo ndipo nilipopewa jembe langu," Shangazi alikuwa akisema, na kila mara alipofika hapo mkono wake ulijisogeza kwenye kaunta kana kwamba kisu kiko pale. "Akasema neno la kiazi, nikalirudia. Akasema neno la kisu. Kihispania changu mimi ni cha jikoni. Cha darasani kilikuja baadaye, nacho hakikukaa."

Alisema lugha haiingii kwa sikio, inaingia kwa mikono. Nilijaribu kumwamini. Kwa wiki chache alinifundisha mimi, kila nikileta mteja napewa neno. Namkunjulia mtandio, nataja rangi yake. Nilizijua rangi zote na hesabu mpaka kumi, kisha nikasikia Mtwara kuna kazi ya korosho, nikaondoka. Niliporudi aliniuliza nyekundu ni nini, nikamjibu. Nyeusi, nikakwama. Akasema, "Msafiri wewe, unabeba nusu mzigo." Jina la Msafiri alinipa yeye. Lilikuwa tusi, kwa sababu sikuwahi kuvuka mpaka wowote.

Kule darasani wenzake walikuwa vijana wenye umri wa watoto wa kaka yake, na mwalimu aliwaita wote kwa majina matupu, naye pia. Alinieleza kwamba siku ya kwanza alikasirika sana. Mtu mzima, mvi kichwani, anaitwa jina kavu na mtoto. Wiki ya pili alizoea. Mwezi wa pili alikuwa akifika mapema ili aitwe.

"Maisha yangu yote nimekuwa binti wa fulani, dada wa fulani, shangazi wa fulani. Kule nilikuwa jina tu. Lilikuwa jepesi, kama kuvua viatu."

Lakini aliporudi Mchafukoge, nilipomtania siku moja nikisema basi na mimi nitakuita jina lako, alinitazama hivi, nikakumbuka nina kazi upande wa pili wa barabara.

Alirudi na tabia moja mbaya, nayo ilimsumbua sana kaka yake. Alijifunza kukata maneno ya watu. Mwanzoni, alisema, alikaa mezani na mwenyeji na mashoga zake akingoja mkubwa amalize ndipo na yeye aseme, kama alivyolelewa, na hakuna aliyemaliza. Mmoja hajatua, mwingine ameshapaa. Mwenyeji akamwambia, ukingoja zamu hapa, utazeeka una njaa. Basi akajifunza kuruka ndani ya maneno. Akaja nayo dukani. Nakumbuka nilimletea mama mmoja wa Lindi, mtaratibu, aliyeanza kueleza kwamba anataka baibui la binti yake ambaye anaolewa na kijana ambaye babake...

"Urefu wake?" Shangazi alimkata.

Mama akaanza tena. "Nilikuwa nasema, huyo babake kijana..."

"Mnene au mwembamba?"

"Babake?"

"Binti!"

Kaka yake alitoka nyuma ya kabati ameshika kichwa. "Samehe mama, dada yangu huyu karudi kutoka Ulaya, adabu kaiacha uwanja wa ndege." Mama wa Lindi alicheka mpaka akakaa, na akanunua mawili.

Alikuwa na kinyume chake, kama sisi sote. Aliyewahi kugombezwa kwa kushika ufagio wa mwenyeji, wa kwake haukushikwa na mtu. Nilipokunywa kahawa dukani, kikombe changu alikiosha yeye, na siku nilipojitia kukichukua nikioshe, alininyang'anya.

"Kikombe ni changu au chako?" alinifokea. "Kimekuwa kichafu?"

Nikamkumbusha viazi. "Sasa mimi na yule," alisema, "unadhani tulielewana kwa nini?"

Kitu kilichomweka roho juu miaka yote niliyomjua ni kwamba hakumaliza. Masomo yalikuwa na awamu mbili, naye alipata ya kwanza tu. Lakini cheti hakikuwa shida yake, kwa kuwa hata cha awamu ya kwanza alikitumia kuzibia droo iliyokuwa ikifunguka ovyo. Shida yake ilikuwa ahadi. Asubuhi ya kuondoka, mwenyeji alimwonyesha chumba chake, kitanda kimetandikwa upya, akamwambia hakitapangishwa. Shangazi naye akaacha makubadhi yake chini ya kitanda. Aliyeacha viatu hajaondoka.

Kila alipotaka kwenda, kaka yake alikuwa na la kusema. Duka litafunguliwa na nani. Mwaka uliofuata ni magoti ya kaka mwenyewe. Kisha dunia ikafungwa kwa maradhi, na hapo hakuhitaji kusema. Ilipofunguka, wateja walikuwa wamepungua. "Kwani Hispania inakwenda wapi?" alikuwa akimwambia. "Nchi nzima ile, itahama?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefungua duka na dada yake kila asubuhi tangu ujana, na hakujua mlango unafunguliwaje bila mtu wa kusimama kizingitini.

Kilichobaki ni Jumapili. Duka likiwa limefungwa, Shangazi alikaa kwenye ngazi za jengo ambako mtandao unashika, akapiga simu ya picha. Ikipokelewa tu, kabla ya salamu, alipaza sauti, "Hodi!" Na kutoka kule, kwa sauti nzito ya bibi mvuta sigara, kwa ile r yao inayonguruma, "Karrribu!"

Shangazi ndiye aliyemfundisha. Kule alipewa ufunguo siku ya kwanza, lakini alikuwa akifungua mlango kisha anasimama nje anapiga hodi, na mwenyeji alidhani ndiyo salamu. Ilichukua muda kuelewa kwamba mtu yule hataingia mpaka aitikiwe. Tangu hapo aliitikia, akiwa jikoni, akiwa bafuni, akiwa na jirani. Mtaa mzima wa kule, Shangazi alidai, walijua neno karibu, na walidhani ni jina lake.

Jengo lote la Mchafukoge nalo lilizisikia Jumapili hizo. Watoto waliigiza. Kaka yake alipita kwenye ngazi akijifanya anashuka kwa shughuli zake, akasimama mbele ya simu akasalimu "Buenas tardes," wima kama anayeapishwa, kisha akashuka. Jumapili moja alipita mara tatu.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa Kariakoo, mwaka huu, upande wanakouza vikapu, mikeka na mifagio. Nilikuwa nimetoka Mtwara tena, sina hili wala lile, nikasikia sauti inamkata muuzaji maneno, nikajua ni nani.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Msafiri, hujafa?" Alikuwa amechuchumaa mbele ya mafungu ya mifagio ya chelewa, anaupinda mmoja, anaunusa, anaurudisha. Kaka yake alikuwa amesimama pembeni na mkongojo, ameshika mkoba wa dada yake bila aibu.

"Mwambie," kaka yake aliniambia mimi bila salamu. "Mwambie huko Ulaya mifagio ipo."

"Ya huko ina mpini," Shangazi alisema. "Unafagia umesimama kama askari. Mama, huu umekatwa lini? Usiniambie jana."

"Jana, Wallahi," alisema muuzaji.

"Nimekwambia usiniambie jana."

Nilimtazama kaka yake. Aligeuza uso kwenye mikeka. "Anaondoka Alhamisi," alisema. "Duka nitafungua mimi. Wewe kama huna kazi, utanisukumia mlango."

Nikauliza, kama kawaida yangu, imekuwaje. Shangazi alijibu akiwa bado ameinamia mifagio. Mwenyeji anasahau. Ilianza na siku, ikaja kwa majina ya mashoga zake, na tangu mwezi wa Ramadhani binti yake, aliyerudi kukaa naye, ndiye anayeshika simu. Jumapili moja aliitazama sura ya Shangazi kwenye kioo cha simu akamwuliza binti yake, huyu mama ni nani na anataka nini. Binti akataja jina. Halikumwambia kitu. Wakataja chuo, wakataja viazi, hakuna.

"Mimi nilikuwa nimepita pale kwenye ngazi," kaka yake alisema, akiitazama mikeka. "Nilisikia. Miaka yote nimesema Hispania haiendi mahali. Sikujua mtu anaweza kuondoka amekaa palepale kwenye kiti." Akakohoa. "Nikamwambia, nenda kabla hajaondoka kabisa."

Shangazi alichagua ufagio, akausimamisha, akagonga shina lake kwenye kiganja ili chelewa zilingane.

"Sasa huo ndio utampelekea?" nilisema. "Si ndio uliowagombanisha?"

"Si wa kumpelekea. Ni wangu. Siku mbili nitakaa nihudumiwe na bintiye, nitulie, nile. Ya tatu tutaona nani wa kunigombeza."

Alisema kwa mzaha, na muuzaji akacheka, lakini kaka yake hakucheka. Aliuchukua ufagio mkononi mwake akauviringisha kwenye gazeti polepole, ncha na shina, kama kitu kitakachopita forodha.

"Na ukifika asikujue, Shangazi?"

"Hanijui sasa hivi. Jumapili iliyopita hakunijua." Alinyanyuka, akashika goti, akajikung'uta baibui. "Lakini bintiye alipotaka kukata simu nikasema hodi, hivi hivi tu, ya kuagia. Mwenyeji wangu hakugeuka. Alikuwa anatazama dirishani. Akasema karibu."

Gari la mizigo lilikuwa linarudi nyuma kati ya mafungu, watu wakapisha njia, tukasogea ukutani sote wanne.

"Basi nitapiga hodi," alisema likishapita.

"Na asipoitika?" nilimwuliza. "Si mwisho wako ni mara tatu?"

Shangazi alichukua mkoba wake kwa kaka yake, akautupia begani, akanitazama kama anayeamua kama nastahili jibu.

"Mara tatu ni ya hapa," alisema. "Kule hakuna anayehesabu."